Viatu vinalia? Tafuta kwanza panapolia

Niliwahi kusimamia mtihani wa kidato cha nne katika shule ya jirani nikiwa nimevaa viatu vyangu vyeusi vya ngozi, vya kamba, ambavyo havikuwa vimemaliza hata miezi minne. Kazi ya msimamizi ni kupita kimyakimya kati ya madawati. Mimi nilikuwa napita na kengele. Kila nikikanyaga mguu wa kushoto: kwii. Wa kulia, kimya. Kwii, kimya, kwii, kimya. Wanafunzi wa mbele waliinua macho, wakatazamana, wakacheka kwa mabega. Wa nyuma walifurahi kwa sababu nyingine: hawakuhitaji kugeuka kujua nimefika wapi.

Jioni nikamwaga poda ya mtoto ndani ya viatu vyote viwili, kwa sababu ndiyo dawa niliyokuwa naisikia kila mahali. Kesho yake kikalia vilevile. Nikapaka mafuta ya nazi kwenye mishono. Kikalia, na sasa nilikuwa nanukia kama wali wa sikukuu. Siku ya tatu nikavipeleka kwa fundi anayekaa chini ya mwarobaini karibu na stendi. Hakuuliza kitu. Alichukua cha kushoto, akakisogeza sikioni, akakikunja polepole kama mtu anayepima muwa kabla ya kuuvunja. Kisha akapitisha ukucha wa dole gumba ukingoni mwa soli, upande wa ndani, pale kiatu kinapobonyea. Ukucha ukazama.

"Mwalimu," akasema, "huyu anaumwa jino, wewe umempa dawa ya tumbo."

Tangu siku hiyo sigusi kopo la poda kabla ya kupima. Kiatu hulia kwa sababu kuna vitu viwili vinavyosuguana: vinashikana, vinaachiana, vinashikana tena, mara nyingi mno ndani ya sekunde moja. Uta wa zeze huliza uzi kwa namna hiyohiyo, na bawaba kavu huliza mlango. Kwa hiyo dawa ziko tatu tu. Ama uvibane vitu hivyo visisogee, ama uvitenganishe, ama uvilainishe viteleze bila kushikana. Lakini huwezi kuchagua dawa kama hujui ni vitu gani viwili. Poda ikimwagwa ndani haiwezi kufika kwenye soli iliyoachia chini.

Vipimo vya dakika kumi

Anza na swali jepesi: kinalia kimoja au vyote viwili? Kikilia kimoja, mara nyingi kuna kitu kimelegea, kimefunguka au kimevunjika kwenye hicho kimoja, na mwenzake anakupa mfano wa jinsi kinavyotakiwa kuwa. Vikilia vyote kwa nguvu sawa, shuku malighafi yenyewe: mpira mpya, ngozi kavu, ulimi unaosugua.

Halafu badilisha sakafu. Tembea kwenye vigae, hamia kwenye saruji ya kawaida, malizia kwenye zulia au mkeka. Ukifika kwenye zulia na mlio ukafa, kelele inatoka kati ya soli na sakafu, na ndani ya kiatu hakuna ugonjwa wowote.

Kama bado kinalia hata kwenye zulia, kaa kitini, inua mguu juu, ukunje na kuunyoosha hewani. Kikilia bila kukanyaga chochote, tatizo liko juu: ulimi, kamba, mishono au ngozi yenyewe. Kikinyamaza hewani lakini kikalia ukikanyaga, ng'oa soli ya ndani (ile inayotoka ukiivuta, wengi huiita insoli), kivae bila hiyo, utembee. Ukimya hapo ni jibu.

Cha mwisho ni kile cha fundi. Vua kiatu, kishike mbele na nyuma, kikunje sikioni, kisha kisokote kidogo kama unayekamua nguo. Bonyeza kisigino kwa dole gumba. Pitisha ukucha, au kona ya vocha ya simu iliyokwisha, kuzunguka ukingo wote wa soli. Ukiwa na mtoto nyumbani, mwambie achuchumae nyuma yako asikilize unapotembea. Masikio yako yako mbali na miguu, na sauti hupanda ikipotosha. Mimi ningeapa kwamba changu kilikuwa kinalia kisiginoni.

Kinalia kwenye vigae, kwenye zulia kimya

Hii ni ya raba mpya na viatu vya shule vyenye soli ya mpira. Kiwandani, kalibu ya kumiminia soli hupakwa dawa ya kuifanya soli itoke bila kunata, na mabaki yake hubaki juu ya mpira. Ukiongeza na ulaini wa mpira ambao haujakwaruzika, unapata soli inayoshikana na kigae kinachong'aa kisha kuachia ghafla.

Osha soli kwa maji ya vuguvugu, sabuni na brashi ngumu. Ikikauka, isugue kwa msasa wa wastani, namba 120 hivi, duara ndogondogo kwenye sehemu zinazogusa chini, mpaka mng'ao utoke. Usisugue hadi michirizi ya soli iishe, unataka kuondoa ngozi ya juu tu. Asiye na msasa avae viatu hivyo siku mbili tatu kwenye barabara ya vumbi au saruji ya uani isiyolainishwa, kazi ni ileile.

Soli ikiwa imelowa, hata ya miaka mitatu italia kwenye vigae. Futa miguu mlangoni, basi.

Onyo moja, nalo ni la kweli: usipake mafuta, vaselini wala nta chini ya soli. Mlio utakufa kabisa, na wewe utaanguka kwenye ngazi za ofisi ukiwa umebeba chai.

Ukitoa soli ya ndani, kinanyamaza

Hapa ndipo poda inapostahili sifa zake. Soli ya ndani inateleza juu ya ubao wa kiatu, kidogo sana, kila ukikanyaga. Jasho likiingia kati yake, linakuwa gundi dhaifu: linashika, linaachia.

Toa soli, ikaushe na ukaushe ndani ya kiatu. Futa poda ya zamani kama ipo, kwa sababu poda iliyokutana na jasho hugeuka vibonge, na vibonge vina kelele zao. Mwaga poda ya mtoto kijiko kidogo kimoja, isambaze kwa mkono hadi kingo, maana soli nyingi hulia pembeni kuliko katikati. Kung'uta inayozidi, rudisha soli, tembea. Kama huna poda, unga laini wa wanga, ule wa kupikia mchuzi mzito, unafaa kwa siku chache. Unga wa sembe haufai. Una punje, na siku utakayosahau viatu chini ya kitanda utaamka umewafungulia sisimizi hoteli.

Poda inaisha. Baada ya wiki mbili hivi utairudia, na ukichoka kurudia, bana soli isisogee kabisa: vipande viwili vya selotepu ya pande mbili, kimoja kisiginoni, kimoja katikati. Sehemu ya vidole iache huru, kwa kuwa ndipo kiatu kinapokunjwa. Njia nyingine, ambayo naipenda zaidi, ni kukata kitambaa chembamba cha pamba kwa umbo la soli na kukiweka chini yake. Kitambaa kinakunywa jasho na kinatenganisha vile vitu viwili. Fulana kuukuu inatosha pea nne.

Viatu vya wanafunzi vina kesi yao. Mzazi ananunua namba mbili mbele kwa hoja kwamba "atakua tu", na mwaka mzima mguu wa mtoto unaelea ndani, kisigino kinapanda na kushuka na soksi ya nailoni inasugua reksini (ngozi bandia). Hicho hakina kasoro, kinasubiri mwenyewe akue. Muongezee soli ya ndani ya pili, mvalishe soksi za pamba, umfundishe kukaza kamba.

Kinalia mguu ukiwa hewani

Fungua kamba, vuta ulimi pembeni, ukunje tena. Kimya? Basi ulimi unasugua ngozi ya pembeni. Inatokea sana kwenye ngozi ya kung'aa kama kioo na kwenye reksini, kwa sababu nyuso zote mbili ni laini na hazinywi kitu. Paka poda kidogo kwenye kingo za ulimi. Ukitaka dawa ya kudumu, sugua kingo hizo kwa msasa laini upande usioonekana, au bandika kipande kidogo cha plasta ya kidonda pale panapogusana. Najua plasta inasikika kama utani, lakini ulimi umejificha chini ya kamba na hakuna atakayeiona.

Matundu ya kamba yenye vijicho vya chuma nayo hulia kamba ikiwa kavu na imekazwa sana. Pitisha kipande cha mshumaa juu ya kamba, urefu wake wote, mara mbili. Imekwisha.

Ngozi halisi iliyokauka hulia kwenye mikunjo, pale nyuma ya vidole. Sauti yake haifanani na ya soli: ni nzito, ya kukwaruza, kama kiti cha zamani cha ngozi kinapokaliwa. Hiyo inadai kulishwa. Safisha vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, acha ikauke, paka dawa ya viatu ya nta au krimu ya ngozi, sugua kwa vidole kwenye mikunjo, acha usiku kucha, asubuhi piga brashi. Mafuta ya kupikia weka jikoni. Hukaa ndani ya ngozi yakachacha, na mafuta yoyote mengi hupenya hadi kwenye gundi na kuilegeza. Mimi na nazi yangu tulikuwa tunaongeza ugonjwa. Viatu vya swedi, vile vyenye vinyweleo, visipakwe mafuta ya aina yoyote, kwa maana hutapata tena ile rangi.

Kinalia kila sakafu, na ukikikunja kwa mkono

Huu ndio ulikuwa ugonjwa wangu, na ndio unaotibiwa vibaya kuliko yote. Soli imeachia mahali fulani. Uwazi wenyewe unaweza kuwa mwembamba kama karatasi usionekane kwa macho, ila kila ukikanyaga tabaka mbili zinasuguana, au hewa inabanwa na kutoka kwa mluzi mdogo. Ukitembea kwenye maji na ukasikia "chwi" badala ya "kwii", na soksi ikalowa, huna haja ya kipimo kingine.

Kama ukucha haukupata kitu, fanya kama fundi baiskeli anavyotafuta pancha. Paka maji ya sabuni kuzunguka mshono wa soli kwa brashi ya meno, kisha weka mkono ndani ya kiatu na ubonyeze kwa nguvu. Povu litachemka pale hewa inapotokea. Weka alama kwa kalamu, kausha kiatu siku nzima, ndipo ukitengeneze. Gundi haikamati unyevu.

Usikimbilie supaglu. Inashika haraka, inakupa raha ya nusu saa, halafu inakauka ngumu kama kioo. Kiatu kinakunjwa maelfu ya mara kwa siku, na kioo hakikunjiki. Itapasuka, na vipande vilivyopasuka vitakwaruzana kwa sauti mbaya kuliko ya mwanzo, na fundi atapata kazi ya kuikwangua kabla hajaanza kazi uliyomletea. Nunua ile gundi ya njano ya mafundi viatu, mikebe midogo ipo madukani.

Panua uwazi kwa kisu butu bila kuurefusha. Toa mchanga na gundi ya zamani, sugua pande zote mbili kwa msasa, futa kwa kitambaa chenye spiriti kidogo. Paka gundi safu nyembamba juu na chini, kwa kijiti cha kiberiti au brashi ndogo. Sasa subiri. Wengi wanaharibu hapa: wanabandika ikiwa bado mbichi. Gundi ya aina hii hushikana na mwenzake ikiwa imeanza kukauka, kama dakika 10 hadi 15, mpaka uiguse kwa kidole isiambatane na kidole. Ukiwa na draya ya nywele, ipashe moto kidogo. Ndipo ubonyeze kwa nguvu zako zote, kuanzia katikati kwenda nje, kwa sababu ikishashikana huwezi kurekebisha. Funga kiatu kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, uzungushe kwa mvuto kama unayefunga mzigo kwenye keria, uache saa 24. Fanya kazi hii nje au dirishani, mbali na jiko. Mvuke wa gundi unashika moto na unauma kichwa.

Kisigino nacho hupimwa. Ukikishika na kukisokota, kisicheze hata kidogo. Kinachocheza kimelegea misumari au gundi. Unaweza kukirudishia gundi, lakini misumari iache kwa fundi: msumari uliopigwa nyumbani una tabia ya kutokea upande wa unyayo, wiki mbili baadaye, ukiwa kwenye daladala.

Kinaanza mchana, au baada ya mvua

Asubuhi kimya, saa nane kinaimba. Jasho. Au kililowa jana na hujakikausha. Maji yaliyonaswa kati ya tabaka yanatosha kufanya kiatu kizima kabisa kiimbe wiki nzima.

Jaza magazeti yaliyokunjwa ovyo, ya kutosha kugusa kuta zote. Badilisha baada ya saa moja au mbili, kisha acha mengine makavu usiku kucha, soli ya ndani ikiwa nje peke yake. Viatu viwe kivulini penye upepo. Najua jua lipo na ni la bure, na bati la paa linapendeza kuanikia, lakini jua kali hukaza ngozi na kulainisha gundi kwa wakati mmoja, na jiko la mkaa hufanya hivyo kwa kasi zaidi. Unaondoa mlio wa maji unaleta wa soli iliyoachia. Mwenye pea mbili abadilishane, moja ivaliwe na moja ipumzike.

Ndala na yeboyebo hulia kwa unyayo uliolowa unaosugua plastiki, hasa ukitoka kuoga. Osha utelezi wa sabuni, sugua pale kisigino kinapokaa kwa brashi ya kufulia. Katambuga za tairi nazo hulia zikilowa, kwenye mikanda, na sijawahi kumsikia mvaaji wake akilalamika.

Vya kumwachia fundi, na vya kuaga

Ndani ya viatu vingi vya ngozi, chini ya ule upinde wa mguu, kuna kipande chembamba cha chuma au plastiki ngumu kinachozuia kiatu kisivunjike kiuno. Kikilegea au kukatika, kiatu hugonga "tik" katikati, na ukikikunja kinapinda kiunoni badala ya kupinda nyuma ya vidole. Ili kukifikia lazima soli ing'olewe. Mpelekee fundi, umweleze hivyo hivyo ulivyopima. Atakuheshimu na pengine atakupunguzia bei.

Raba zenye mfuko wa hewa unaoonekana kisiginoni zikianza kupumua, mfuko umetoboka. Ukiziba leo unatoka kesho.

Halafu kuna viatu vilivyokaa kwenye boksi miaka mingi, vikingoja harusi. Unavivaa, vinalia kwa mchakacho kama wa kukanyaga majani makavu, na ukifika ukumbini soli inamomonyoka kama mkate wa juzi. Soli za poliyurethani, aina ya plastiki, huvunjwavunjwa na unyevu wa hewa taratibu, hata zikiwa hazijavaliwa, na joto huongeza kasi. Sisi wa pwani tunalo joto na tunao unyevu. Ukiona unga au nyufa ndogo ukibonyeza soli kwa kucha, gundi haina pa kushika. Fundi anaweza kuweka soli mpya nzima kama sehemu ya juu ni nzuri. Vya mtumba vipime hivyo hapohapo sokoni, kabla hujatoa pesa.

Vya mtoto vinavyolia "pii, pii"

Hivi nauliziwa mara nyingi kuliko vyote, na mwulizaji huwa amechoka. Havijaharibika. Kuna kidude cha plastiki chenye filimbi kisiginoni, chini ya soli ya ndani, kiliwekwa makusudi ili mtoto anayejifunza kutembea afurahie hatua zake na mama ajue kajificha wapi. Inua soli ya ndani upande wa nyuma. Mara nyingi utaona tundu dogo, na plasta moja juu yake inapunguza sauti hadi nusu. Ukitaka ukimya mtupu, chomoa kidude kwa koleo, jaza nafasi kwa pamba iliyokazwa, rudisha soli kwa gundi. Kidude chenyewe kitupe palipo mbali naye, kinaenea mdomoni na kinamezeka. Atakanyaga chini kwa nguvu siku mbili hivi akitafuta sauti yake, akikutazama.